Wa Kumi na Nane

Asubuhi ile bonde lilikuwa limejipamba kama bibi harusi ambaye hajaambiwa kwamba bwana harusi ameghairi. Mvua kubwa ilikuwa imekatika wiki mbili nyuma, mto umeshiba, na miteremko yote miwili imefunikwa na yale maua meupe ya mwitu ambayo huchanua siku kumi na mbili tu kwa mwaka, kisha hunyauka bila kumuaga mtu. Kwa ajili ya siku hizo kumi na mbili watu huacha viyoyozi vyao mjini, wakaja kulala kwenye nyumba ya wageni ya Mama, wakanywa chai yenye harufu ya moshi na kupanda mlima wakihema kama pampu za baiskeli, ili wakifika juu waseme "aisee", wapige picha, kisha washuke.

Aliyewaongoza alikuwa binti wa mwenye nyumba. Wageni walimwita Kipenga, kwa sababu ya kile kipenga cha bati kilichoning'inia shingoni mwake, na jina likamganda hadi mama yake mzazi akalizoea. Alikuwa na miaka ishirini na minne, miguu isiyojua kuchoka, na mdomo ambao zamani haukukaa kimya. Zamani yenyewe ni mwaka jana tu. Mwaka huu alikuwa akiwaonyesha wageni maua kama karani anayekuonyesha dirisha la malalamiko: lile pale, nenda.

Msafara wao ulikuwa na kanuni moja. Kwenye kila kituo, kiongozi wa mbele anahesabu wageni kuanzia mbele, wa nyuma anahesabu kuanzia nyuma. Namba zikilingana, mnaondoka. Zisipolingana, hata kama inanyesha mvua ya mawe, hakuna anayenyanyua mguu. Viongozi wenyewe hawahesabiwi. Kwa misimu minne, aliyefunga nyuma alikuwa kijana mrefu, fundi wa madaraja na ngazi za njia ile, ambaye wageni walimbandika jina la Mkia. Hakukasirika. Alisema mkia haulalamiki ikiwa kichwa ni kizuri namna ile, akasema hivyo huku akimtazama Kipenga, na kuanzia siku hiyo ngazi za njia zilianza kuharibika mno, kila juma kuna ya kutengeneza, na kila inayotengenezwa lazima Kipenga aende kuikagua.

Mwaka huu nyuma alifunga Mpishi. Mama hakuwa na mwingine wa kumwamini, na Mpishi hakuwa na namna ya kukataa, ingawa tumbo lake lilifika kila kituo dakika nzima kabla yake. Kwenye daraja la magogo walihesabu kumi na mmoja. Kwenye msonobari uliopasuliwa na radi wakahesabu tena kumi na mmoja. Kipenga hakuhesabu kwa macho siku hizi. Alimgusa kila mtu begani, mmoja mmoja, kisha akarudia. Mzee mmoja mwenye kofia pana alimuuliza kama wanahesabiwa au wanabarikiwa. Wengine walicheka. Kipenga akapuliza kipenga, wakaendelea.

Kituo cha tatu ndicho cha mwisho, juu kabisa, mahali panapoitwa Kiti cha Mawe. Hapo bonde zima hujitandaza chini yako, mto ukiwa kama uzi, paa la nyumba ya wageni likiwa dogo kama kiberiti. Na hapo, nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote, Kipenga aliona kofia anayoijua.

Mkono wake uliokuwa begani kwa mgeni wa saba ukasahau wa nane.

Mpishi naye alikuwa ameiona. Alimtazama Kipenga, akafuta jasho, kisha akawaambia wageni wakae chini awapatie chai ya chupa na awasimulie jinsi alivyowahi kumpikia waziri chakula kikaungua. Hakuna waziri aliyewahi kufika bondeni. Alipompita Kipenga akamnong'oneza kwamba hadithi yake ina urefu wa robo saa, na akivuta sana, dakika ishirini.

Mkia alisimama alipomwona. Hawakukumbatiana. Walisimama wakiwa wameachana hatua tatu, kama watu wawili waliotenganishwa na kaunta.

"Umekonda," alisema Kipenga. Katika maneno yote ya dunia, hilo ndilo lililotoka.

"Kule kwenye kiwanda cha mbao tunakula maharage mpaka tunaota maharage." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likafika nusu. "Na wewe hutanii tena."

"Nani kakwambia?"

"Nipo hapa tangu saa moja. Nimekusikia ukiwapandisha watu kutoka kwenye msonobari mpaka hapa bila utani hata mmoja. Yule mzee wa kofia, mwaka jana ungekuwa umeshamtania mara nne."

Kipenga akatazama pembeni. Upande ule ulikuwa mbaya zaidi wa kutazama, kwa sababu ndiko lilikokuwa lile jiwe lingine, na nyuma ya jiwe lile ardhi huteremka taratibu kwa hatua kumi, kisha haiteremki tena taratibu.

Mwaka jana, siku kama hii, wageni walikuwa kumi na wanane. Wa kumi na nane alikuwa kaka yake mwenyewe, mtoto wa kwanza wa Mama, seremala, mtu wa vichekesho vilivyowashinda wote. Asubuhi ile alikuwa amekuja mapokezi amevaa miwani ya jua na kaptula ya maua, akajiandikisha kwenye daftari kama mgeni, akadai aitwe bwana na abebewe begi. Njia nzima alikuwa akimuuliza dada yake maswali ya kijinga ya kitalii. Maua haya yanaumwa? Mlima huu unafungwa saa ngapi? Walipofika juu, ukungu ukaanza kushuka, na kaka akaenda nyuma ya jiwe lile kujisaidia, maana pamoja na utundu wake wote alikuwa na haya kama mtoto.

Bibi mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Mkia alikuwa amepiga magoti katikati ya wageni akimfunga kitambaa, na ukungu unakuja mbio. Akamuuliza Kipenga bila kuinua kichwa: wangapi? Kipenga alihesabu haraka. Macho yake yakapita mtu kwa mtu mpaka yakafika kwa yule kijana aliyepiga magoti, na yakafanya yaliyozoea kufanya kila yakifika pale. Yakasimama. Kisha yakaendelea, naye akasema kumi na wanane. Mkia, kwa mara ya kwanza katika misimu minne, hakuhesabu kutoka nyuma. Alimwamini. Akasema twende.

Alikuwa amemhesabu Mkia.

Kaka walimpata kesho yake asubuhi, chini kabisa, kaptula ile ya maua ikionekana kutoka mbali. Ndugu walipokusanyika sebuleni na mjomba kuuliza nani alihesabu, Kipenga alifungua mdomo. Mkia akamwahi. Akasema ni mimi. Akasema hivyo mara tatu, mpaka Mama akamwomba atoke nyumbani kwake na asikanyage tena hata kivuli cha paa lake. Wazee wake Mkia walikuwa waje kuposa mwisho wa msimu ule. Hawakuja.

"Saa tisa lori la mbao linaondoka," Mkia alisema sasa. "Naondoka nalo. Kuna mlima mwingine, mbali, wanajenga njia mpya. Madaraja tisa. Mkataba wa miaka miwili."

"Miwili."

"Kisha labda miwili tena." Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Nimekaa mwaka mzima sijakuomba kitu. Leo naomba kimoja. Mwambie mama yako."

Kipenga aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini sasa, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyemziba mdomo siku ile.

"Niliuona uso wako. Ungeanguka palepale sebuleni. Nikadhani ni mzigo wa wiki moja, mbili. Nikadhani watu watapoa, tutausema pamoja. Sikuombi kwa ajili ya jina langu. Jina langu wameshalitafuna wakalimeza. Nataka kuja mlangoni kwenu na wazee wangu, mchana kweupe, nikutake. Ukimwambia, pengine atatuchukia wote wawili. Lakini anayewachukia wawili anaweza siku moja kuwasamehe wawili. Mimi peke yangu hatanisamehe mpaka nazikwa."

Upande wa pili wa jiwe Mpishi alikuwa amefika mahali ambapo waziri anaita walinzi. Wageni walikuwa wakicheka sana.

"Nitamwambia," alisema Kipenga. "Leo. Kabla ya saa tisa."

Mkia akasogea zile hatua tatu. Akamshika vidole viwili tu vya mkono, kama mtu anayeogopa kuvunja. Walikaa hivyo mpaka waziri akafukuza wapishi wote isipokuwa mmoja.

Mama alikuwa chumba cha mashuka. Kilikuwa chumba chembamba kisicho na dirisha, kimejaa rafu hadi juu, kinanuka sabuni ya unga na pasi ya moto. Mwanamke yule alikuwa mnene, mpole wa mikono na mkali wa macho, na mashuka ya vitanda vikubwa hakuyakunja peke yake hata siku moja. Alimwona binti yake mlangoni, akamtupia ncha mbili. Kipenga akazishika. Wakaanza kukunja, wakikutana katikati, wakiachana, wakikutana.

Aliyasema yote kwenye shuka la tatu. Hakulia. Alieleza kuhusu bibi aliyeteguka, kuhusu ukungu, kuhusu namba, na kuhusu ni nani hasa aliyeitaja na ni nani aliyekuwa ndani ya namba ile kimakosa.

"Nyoosha kona hiyo," alisema Mama.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Nilisikia mwaka jana." Mama aliweka shuka kwenye rafu, akalipigapiga likae sawa. "Yule bibi wa mguu aliniandikia barua ya pole. Barua nzuri, ya mtu aliyesoma. Akaandika, mpe pole nyingi binti yako, maana nilimwona akituhesabu, najua atakavyojilaumu. Nikaisoma mara mbili. Nikaitia jikoni, ikapikia uji wa wageni."

Kipenga alishika rafu. Alimuuliza mama yake mbona hakusema, mbona amemwacha kijana wa watu afukuzwe, asemwe sokoni, akalale kwenye vumbi la mbao, naye anajua.

"Niseme ili iweje?"

"Ili aache kuteseka."

"Nani aache? Yeye au wewe? Maana mimi siachi." Mama aliketi juu ya kapu la nguo chafu, kapu likalalamika. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nina hasira. Wewe huijui, umeiona mkia tu. Naamka nayo, napika nayo, nawakaribisha wageni nayo nikiwa nimewakenulia meno. Hasira kama hii haikai hewani, lazima ikae kwa mtu. Sasa hivi imekaa kwa yule kijana, na yule kijana ana mgongo mpana. Siku akija hapa, akakaa kwenye meza yangu, akaniita mama, itahama. Itatafuta pa kukaa. Na humu ndani nani mwingine yupo?"

Kipenga akaiachia rafu.

"Nilizaa wawili. Mmoja nimemfukia. Usinifanye nimchukie aliyebaki."

"Nampenda, Mama."

"Najua," alisema Mama. "Ndiyo maana ulimhesabu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyotaja idadi ya mito iliyobaki kabatini, na Kipenga alilisikia likiingia mwilini na kutafuta mahali pa kukaa milele.

Mama akainuka, akachukua shuka jingine, akampa ncha mbili. Akamwambia kama anataka kwenda naye, aende, hatamshika mguu, yeye ni mtu mzima. Ila jambo moja. Kijana asijue kwamba yeye Mama anajua. Anamfahamu kijana yule. Akijua, ataona mlango uko wazi kidogo, atarudi, atapiga magoti hapo uani kila siku, na yeye hana nguvu ya kutazama magoti yake. Mikono ya Mama, iliyokuwa haijawahi kutetemeka hata siku ya mazishi, ilikuwa inatetemeka, na shuka zima lilitetemeka nayo mpaka kwenye vidole vya Kipenga.

Ni kwenye shuka lile alipojua kwamba haendi popote.

Uwanja wa kiwanda cha mbao ulikuwa na kelele za misumeno, na maranda yaliruka kila mahali kama maua ya bandia. Lori lilikuwa limeshapakiwa. Mkia alikuwa juu ya magogo akikaza kamba, na alipomwona akiingia getini uso wake ulifunguka. Aliruka chini kama mtoto. Kipenga angetoa chochote duniani asiuone uso ule ukifunguka.

Njiani alikuwa amefanya mazoezi ya sentensi. Alikuwa na moja ndefu, yenye maelezo, na nyingine ndefu zaidi, yenye machozi.

"Umemwambia?"

"Sikuweza," alisema Kipenga.

Mkia alitazama kamba mkononi mwake. Akaipiga fundo moja zaidi kwenye chuma cha lori, fundo ambalo halikuhitajika.

"Hukuweza leo, au hutaweza?"

"Sitaweza."

Alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima, amejikaza kisabuni, maana mtu akikutukana unaweza kumchukia kidogo, na ukimchukia kidogo unaweza kufika nyumbani kwa miguu yako mwenyewe. Lakini Mkia alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

"Basi. Nilijua," alisema. "Nilipanda kule juu asubuhi nikijua. Ila mtu hujidanganya, eh? Nilivaa hadi shati jipya."

Alikuwa amevaa, kweli. Kipenga hakuwa ameliona. Lilikuwa la bluu, bado lina mikunjo ya dukani.

"Nitukane," alisema Kipenga.

"Nikutukane kwa lipi? Unamwogopa mama yako. Hata mimi namwogopa mama yako." Akacheka kidogo, kicheko kikamwishia njiani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza dawa ya kikohozi, "Kule ninakokwenda hawanijui. Lakini wataniuliza. Kila mahali huuliza kabla ya kukupa njia. Wataniuliza kama nimewahi kumpoteza mtu mlimani. Niseme nini?"

Ukweli ulikuwa mdomoni mwa Kipenga, mzima, una joto. Ungetoka kwa pumzi moja. Hapana, hujawahi. Ni mimi, na Mama anajua, teremsha begi lako. Aliona mikono ya Mama. Aliona kapu la nguo chafu na mwanamke mnene juu yake, peke yake, katika nyumba yenye vitanda ishirini na viwili vya watu wengine.

Akainamisha kichwa.

"Nitasema ndiyo," Mkia alijijibu. "Nimeshalizoea."

Dereva aliwasha injini, akamwita kwa honi fupi. Mkia aliinua mkono kana kwamba angemgusa shavu, akauona umejaa utomvu wa mbao, akaufuta kwenye suruali, na alipomaliza kuufuta ule wakati ulikuwa umepita. Akapanda. Lori likatoka getini likiyumba, likapinda kwenye shule, likaonekana tena juu kwenye kona ya kwanza, dogo, kisha kwenye ya pili, dogo zaidi. Kipenga hakupunga mkono. Hakujiona kuwa na haki ya kupunga.

Alirudi kwa njia ya nyuma. Wageni walikuwa barazani wakionyeshana picha za maua, mzee wa kofia akamwita aje aone yake, imetoka kama ya kalenda. Akaenda, akaitazama, akaisifia. Kisha akaingia jikoni.

Mpishi alikuwa anakata vitunguu, akaona sura yake, akakumbuka kwamba ana kuni za kupasua nje. Mama alikuwa mbele ya jiko, amewapa mgongo, anaonja mchuzi kwenye kiganja.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Mama aliongeza chumvi, akaonja tena. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, na inawezekana ni vitunguu. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba kitu asichoweza kukitaja, kisha akakitaja.

"Afadhali," alisema. "Muuaji yule. Aliniulia mwanangu."

Hakugeukia jiko. Alibaki amesimama na kijiko mkononi, akingoja, na Kipenga akaelewa anachongoja, na kwamba atakingoja kesho pia, na msimu ujao, na misimu yote ambayo maua yatachanua siku zile kumi na mbili.

"Ndiyo, Mama," alisema Kipenga. "Alituulia."

Mama akashusha pumzi, akarudi kwenye sufuria yake.